Bembea ya Mtu wa Ubavu

"Mume wangu analala chali," nilimjibu muuzaji. "Miaka kumi na tisa nalala naye. Kama gogo."

"Kila mke huniambia hivyo, mama," alisema akicheka. "Ndiyo maana mimi sipimi mtu kwa maneno. Apande, afumbe macho, tumwache."

Mume wangu alipanda bembea ya kulalia iliyofungwa kati ya nguzo mbili za duka. Yeye ni mpima ardhi. Jumatatu yeye na wenzake wangeingia msituni kwa miezi miwili, mwendo wa siku tatu kutoka hospitali yoyote. Daktari wa kazini alimpitisha kwa sababu aliapa kwamba yale maumivu ya tumbo yamekwisha. Mimi pia aliniapia.

Alilala chali, mikono kifuani, akitabasamu. Kisha usingizi ukamchukua. Taratibu aligeukia ubavu wa kushoto, akakunja magoti. Kiganja chake cha kulia kikateremka hadi chini ya mbavu, kikashika hapo kwa nguvu, vidole vikizama kwenye shati.

"Umeona?" Muuzaji alifurahi. "Huyu ni wa ubavu! Hii nyembamba itamvunja mgongo. Niwafungie ile pana?"

Nilikuwa naangalia vile vidole. Wiki tatu sasa amekuwa akilala sebuleni, eti chumbani kuna joto.

"Usifunge chochote kwanza, kaka."

Niliinama, nikauondoa mkono wake polepole, nikaweka wangu palepale. Kisha nikabonyeza.