Mtoto wa Kulalia Jengo

Sheria ilikuwa wazi: anayeidhinisha jengo, mwanawe ndiye hulala chumba cha chini kabisa, usiku wa kwanza baada ya mirunda inayoshikilia zege kuondolewa. Sekela, fundi sanifu wa majengo, aligonga nguzo kwa nyundo. Zege likamwagika kama unga.

"Siweki sahihi," alimwambia mkandarasi Rweyongeza. "Mchanga umezidi kipimo, na nondo zenyewe nyembamba kama vijiti vya mishikaki. Mwanangu Tupoki halali hapa."

"Nani kamtaka Tupoki wako, mama? Nitaidhinisha mwenyewe. Mtoto ninaye."

"Tangu lini? Wewe hata paka hujawahi kufuga."

"Nimemchukua kituo cha yatima. Karatasi zake ni halali."

Alinyoosha kidole. Chini ya ngazi, msichana mdogo alikuwa akitandika godoro, harakaharaka, kama mtu aliyeizoea kazi yake. Sekela alipandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Akamwendea, akachuchumaa.

"Unajua umeletwa kufanya nini, mwanangu?"

"Kulala. Kesho baba atanipeleka jengo lingine." Mtoto akabandika sikio kwenye nguzo. "Lile la juzi lilikuwa linalia usiku. Na hili litalia?"

Sekela alimbeba mgongoni, akageuka kuelekea getini, akijua kwamba bila mtoto hakuna mrunda utakaong'olewa.

Rweyongeza hakumzuia. Hata sauti hakuipandisha.

"Nenda naye tu, mama," alisema. "Wenzake wako kwenye gari."