Mlango wa Bibi Fuko

Siku hiyo walikuwapo Kanga na kifaranga wake mwenye homa, Kindi, Nungunungu, na bibi Fuko, mlinzi wa ghala la dawa chini ya ardhi. Kifaranga alitetemeka chini ya ubawa wa mama yake, kwa hiyo Kanga hakuweza kuondoka. Ilibidi mwingine amletee majani ya dawa upesi.

"Nitume mimi, mama," alisema Kindi. "Hakuna anayegonga mlango haraka kama mimi."

Nungunungu alicheka. "Huyo hugonga mara thelathini ndipo afunguliwe. Mimi kumi na tano tu."

"Kumi na tano za kusinzia."

Kanga alimpapasa mtoto, akamkuta anachemka. "Nendeni wote, wanangu. Mtabishana akishapona."

Wakaenda, wakagonga pamoja. Kindi alipofika thelathini, Nungunungu alikuwa amefika kumi na tano, na mlango ukafunguka.

"Mgonge mbio, mgonge taratibu, miguu yangu ni ileile," alisema bibi Fuko akihema. "Kitanda kiko mbali, na magoti yananiuma."

Wote wawili waliona haya. Kindi, mwepesi, alikimbia na majani. Nungunungu alibaki kumshika bibi mkono mpaka kitandani.

Homa ilishuka kabla ya jioni. Kesho yake Kanga, aliyesimuliwa yote, alikwenda na nyasi kavu akamtandikia bibi Fuko kitanda kipya karibu na mlango.

Tangu hapo Kindi hugonga mara kumi, na Nungunungu mara tano.