Bembea ya Majini

Sikilizeni jeuri ya Ngedere. Aliwatangazia wanyama kwamba angewatengenezea bembea tatu: ya mitini, ya nchi kavu na ya majini. Alichotaka ni chakula tu cha kumpa nguvu. Kiboko, ambaye hakuwahi kubembea maishani mwake, akawa anampelekea mahindi mabichi kila msimu. Kila akiuliza, Ngedere alijibu, "Vumilia, kaka. Bado nalainisha kamba."

Masika matatu yakapita. Siku ya uzinduzi, bembea ilikuwa moja tu, nayo ilining'inia kwenye tawi la juu kabisa.

"Ya majini iko wapi?" Kiboko akafoka.

"Itakuja. Kwani nilitaja siku?"

"Mbona kula hukuchelewa?"

Tumbili waliokuwa wakibembea wakamzomea. "Bembea si hii hapa! Huyu naye kwa kulalamika!"

Kiboko akarudi mtoni.

Wiki haikuisha, Ngedere akafika ukingoni na kapu tupu. Safari hii alitaka kujenga mtelezo, eti wa wanyama wote.

"Mchango wangu uko tayari," Kiboko akamwambia. "Mahindi ya kujaza kapu hilo."

Ngedere akachangamka. "Yako wapi, kaka?"

"Chini kabisa ya mto. Piga mbizi uyachukue."

"Lakini mimi siwezi kuogelea!"

"Basi mahindi ya kuletewa mtini yatakuja," Kiboko akasema huku akizama taratibu. "Vumilia, kaka. Bado nalainisha kamba."