Kiingereza cha Athieno

"Umekosea!" Athieno akagonga sufuria kwa mwiko. "Rudia. Unasikia harufu ya samaki. Kizungu chake?"

Owor akafuta jasho. "I smell..."

"Smell ya wapi! Nimekwambia ni hear. Hapa kwetu harufu tunaionja au tunaisikia?"

"Tunaisikia."

"Haya basi. I hear the fish. Na ukitaka nikuazime kalamu?"

"Lend me..."

"Borrow me! Wewe Baba Nyaketcho, hicho ni kichwa au kibuyu?"

Dawati Athieno hakuwahi kulikalia. Kizungu chake alikiokota soko la Busia, akiuza samaki wakavu. Owor ndiye aliyesoma misheni, na chifu alikwishapeleka jina lake: kila kijana wa Mukuju aliyesoma aende Tororo, Mzungu ampime Kiingereza. Atakayefaulu anapewa sare na mshahara siku hiyohiyo. Ulikuwa mwaka wa 1944.

Owor akasimama, akaketi, akatoka nje, akarudi. "Ulimi utanisaliti, Mama Nyaketcho."

"Ndiyo maana nakwambia rudia!"

Jirani yao Okanya akachungulia mlangoni, shati limenyooka kwa pasi. "Shemeji, huyo unampoteza! Watamcheka mpaka ng'ambo ya Kenya."

"Waache wamcheke," Athieno akasema. "Wewe nenda na hicho Kizungu chako kizuri."

Huko Tororo, Okanya aliitwa kwanza. Alitokea mlango wa nyuma na sare mkononi, meno yote nje. Kisha zamu ya Owor.

Mzungu mwenye kaptula ya kaki akainua penseli, akamtaka aiombe. Neno "lend" likamfikia Owor kwenye meno. Akalimeza.

"Borrow me, sir."

Mzungu akakunja uso. Akapuliza moshi wa kiko chake, akamwuliza ni harufu gani hiyo.

"I am hearing tobacco, sir."

Makarani wakaangua kicheko. "Rudi ukalime," Mzungu akasema, akampungia mkono kama anayefukuza nzi.

Athieno alikuwa nje ya ua, mkono juu ya tumbo lake la mimba. "Vipi?"

"Nimeanguka."

Akafungua kinywa apige kigelegele. Owor akamziba haraka kwa kiganja.

Nyuma ya ua, Okanya na wenzake waliofaulu walikuwa wakipandishwa kwenye lori la kwenda vitani Burma.