Gari la Milango Miwili

Mume aliuliza swali moja tu kabla ya kuomba ufunguo, na halikuwa la injini.

"Nyuma hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna, kaka," muuzaji alijibu kwa sauti ya kuomba radhi. "Viti viwili, ukuta, basi. Buti lenyewe linameza begi moja."

Mume aliingiza mkono nyuma ya kiti, akaupapasa ule ukuta kwa kiganja. "Haya, hebu tulijaribu hili."

Muuzaji alikuwa amekula miaka mingi katika yadi ile ya magari yaliyotumika, na wateja wa aina hii aliwajua kwa kuwatazama tu. Mwanamume anafika umri fulani, mvi za kwanza zinachungulia, mara anataka gari jekundu la mbio, la milango miwili. Mume wa dada yake alianza hivyo hivyo. Kwanza gari, halafu miwani ya jua, halafu hakuonekana tena. Dada alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni.

Lakini aliyemtia uchungu hasa leo ni mke wa huyu bwana. Hakulisogelea gari jekundu. Alisimama kando ya gari lao la zamani, walilokuja nalo ili walibadilishe, mkono wake ukiwa juu ya mlango wa nyuma. Ndani mlikuwa na kiti cha mtoto, na kwenye kioo cha dirisha zilibandikwa ovyo stika za wanyama, zote kwa kimo cha mtoto aliyeketi. Macho ya mama wa watu yalikuwa yamevimba. Amelia njia nzima, muuzaji aliwaza, na bwana mkubwa yuko huku anapapasa ukuta.

Muuzaji alitoka na mume kwanza. Gari lile lingetaka kuruka, lakini jamaa aliliendesha kama amebeba trei ya mayai.

"Kanyaga, kaka! Nguvu zote hizi unamwekea nani?"

"Inatosha hivi."

Hakutabasamu hata mara moja. Muuzaji alidhani anajizuia tu, uhondo anauweka akiba kwa siku atakayokuwa peke yake, au na mwingine. Waliporudi yadini, mume alishuka, akafunga mlango taratibu. "Nalichukua," alisema, kama mtu anayekubali kuchomwa sindano.

Hapo muuzaji akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kazini alikuwa na sheria yake: ufunguo haumfikii mke mpaka mume awe ameshaweka sahihi, maana wake za wateja walikwisha kumuulia biashara nyingi kwenye kona ya kwanza. Leo aliitaka biashara ife. Bosi alikuwa amemkalia kooni alitoe gari lile, lakini kila akimtazama yule mama alimwona dada yake.

"Hebu na shemeji naye apewe alijaribu," alisema kwa uchangamfu wa bandia. "Au ni gari la mtu mmoja?"

Mume alimtazama mkewe, kisha akatazama chini. Mke akaja, akapokea ufunguo.

Walipoingia barabara kuu, muuzaji alianza kulichongea gari lake mwenyewe. Linakunywa mafuta kupita kiasi. Kila shimo utalisikia mgongoni. Vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Mke alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, macho yakienda kwenye kioo cha ndani. Kioo kilionyesha dirisha dogo na lami inayobaki nyuma, hakuna zaidi, naye alikirudia tena na tena.

"Pale yadini kuna jeupe la milango minne," muuzaji alisema. "Halina mbwembwe, lakini familia inaenea. Ukitaka nakuonyesha sasa hivi."

"Hapana, kaka. Hili litatufaa."

Sauti ilimkatika katikati. Anajikaza, masikini, muuzaji aliwaza. Dada naye alisema hivyo hivyo, kwamba gari ni zuri, kwamba mumewe amefanya kazi sana, acha afurahi. Na yeye kaka mtu alikaa pale kama gogo, akanyamaza. Hakuwa tayari kunyamaza mara ya pili.

"Nisamehe, shemeji, naingilia yasiyonihusu. Haya nimeyaona kwetu. Mwanamume akianza kutafuta gari la watu wawili, jua kuna watu ameshawatoa hesabuni. Usikubali. Tukirudi sema hulitaki, nami nitakuunga mkono, hata bosi anifukuze. Mtoto wenu atakaa wapi humu?"

Mke aliwasha indiketa. Aliliegesha gari kando ya barabara, akazima injini, akabaki ameushika usukani kwa mikono miwili.

"Yeye alikuwa hataki," alisema. "Mimi ndiye niliyemleta."

Muuzaji alimtazama asielewe.

"Tangu tumzike, kila asubuhi baba yake anawasha lile la zamani, anageuka nyuma, anamwambia afunge mkanda. Halafu anasubiri."