Kipimo cha Pumzi

"Puliza! Puliza, puliza, usikate!"

Daktari wa chama cha riadha alipiga kelele kama shabiki jukwaani. Binti, pua imebanwa kwa kibanio na meno yameuma bomba la karatasi ngumu, alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kwenye skrini mstari ulipanda kidogo, ukalala.

Kocha alikaa kwenye benchi, akijizuia kutabasamu.

Walikuwa wamefuata ruhusa ya kutumia dawa ya pumu. Bila ruhusa, mkimbiaji akikutwa na dawa hiyo kwenye mkojo anafungiwa. Akiwa na ruhusa, anaivuta dawa hadharani na hakuna wa kumgusa. Timu ya taifa ilikuwa inaondoka Jumapili, na kocha aliamini kwamba kichupa kile cha kuvuta ndicho kingempa bingwa wake sekunde zinazomponyoka kila mara kwenye mzunguko wa mwisho.

"Kwa mzima haisaidii, unajua?" daktari alisema huku akibadilisha bomba. "Njia zake za hewa ziko wazi tayari. Hakuna cha kufungua. Atavuta, na mbio zitabaki zilezile."

"Sisi wetu mgonjwa, daktari. Hao wazima shauri yao."

Daktari alicheka. Tangu asubuhi alikuwa mchangamfu. Binti alipoweka kidole gumba kwenye mashine ya usajili, alimtania kwa kumtazama kocha kwanza. Alipovua viatu apimwe uzito, daktari aliinama kutazama.

"Miguu laini hii! Wakimbiaji wenzako kucha zote nyeusi."

"Huyu namtunza kama yai," kocha alijibu haraka.

Sasa daktari alimvutisha binti dawa, wakasubiri ifanye kazi, kisha akamwambia apulize tena. Safari hii hakupiga kelele. Alitazama mstari, akavua miwani, akaigeuza skrini upande wao.

"Pumu anayo. Ya muda mrefu, na haikutibiwa vizuri. Nimempa dawa, njia hazikufunguka."

"Basi ruhusa ipo," kocha alisema.

"Ruhusa siandiki. Mapafu haya yakipelekwa mbio, yatamwangusha uwanjani mbele za watu. Jina lake linatoka kwenye timu leo."

"Unamtoa mbio za safari hii?"

"Zote, kocha. Za maisha."

Kocha alisimama, akakaa. Binti aliondoa kibanio puani.

"Naomba nirudie, daktari."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema bila kumtazama kocha kwanza. Daktari alimhurumia, akamwekea bomba jipya. Binti alijaza kifua kadiri kilivyokubali, akamfikiria mama yao, ambaye mtaa mzima ulikuwa umeshampongeza, kisha akapuliza kwa nguvu zake zote. Machozi yalimtoka. Mstari ulipanda palepale pa mwanzo, ukalala vilevile.

"Tosha, mwanangu," daktari alisema kwa upole. "Sijui umekimbiaje mpaka leo."

Kocha alisogea mezani.

"Rufaa je?"

"Ipo. Atapimwa upya mbele ya jopo, kwa kidole gumba hikihiki."

Walitoka. Kwenye ngazi binti alilazimika kusimama, mkono ukutani, asubiri pumzi imrudie. Kocha alisimama naye, akitazama sakafu.

Getini alikuwa akiwangoja pacha wa binti, amevaa jezi ya timu ya taifa. Uvumilivu ulikuwa umemshinda, akaja kwa mbio kutoka nyumbani, akaukata mji wote, na wala hakuwa akihema.

"Haya, dada," alisema, macho yanang'aa. "Wamenipa ruhusa?"