Soksi za Kombo

Siku hizi aliyevunjika nyonga huvalishwa soksi maalumu, na mwenziwe wa nyumbani huvaa pea ya pili. Huyo akitembea, za mgonjwa hukaza na kulegea, damu isigande miguuni ikapanda mapafuni.

Kombo, aliyemfungia mkewe Saumu ndani tangu harusi kwa wivu, sasa alilala kitandani, nyonga imevunjika, akimsihi.

“Mama Nasra, nenda sokoni. Nenda kwa dada zako. Zunguka mji mzima ukitaka!”

Saumu alikuwa ameketi kwenye kigoda tangu asubuhi, kama jana, akichambua mchele. Soksi zote nne zilikuwa zimelegea. Kombo alikohoa, akashika kifua.

“Mke wangu, tembea!”

“Si ulisema nikae ndani?” Saumu alitupa kijiwe. “Nimekaa.”